Virusi vya watu na virusi vya mimea: maswali tunayoulizwa Bukavu na vijijini vyake

Maswali haya yametoka midomoni mwa watu: mama wa soko la Kadutu hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, wakulima wa Kabare, Walungu na Nyangezi, wazazi waliopanga mstari na watoto mgongoni siku ya chanjo. Mimi ni mwagronomu, dada yangu ni muuguzi. Kwa miaka mingi kila mmoja alijibu ya kwake, mpaka tukatambua kwamba mtu huyohuyo hutufuata wote wawili ndani ya wiki moja, mimi kwa habari ya mgomba, yeye kwa habari ya mtoto. Ndiyo sababu majibu yetu yako mahali pamoja.

Kama una mtu aliyeumwa na mbwa sasa hivi, usianze mwanzo. Nenda swali la 15.

## Kwanza tuelewane

1. Kirusi ni kitu gani hasa?

Ni kitu kidogo mno. Darubini ya kawaida ya maabara haikioni. Hakili, hakipumui, hakikui. Ni maagizo tu yaliyofungwa ndani ya ganda. Kikiwa nje hakifanyi lolote, lakini kikiingia ndani ya seli ya mtu, ya mbuzi au ya mgomba, seli hiyo huacha kazi yake na kuanza kutengeneza virusi vingine, ambavyo hutoka kwenda kutafuta seli nyingine.

Wengi hushangaa kusikia kwamba kirusi cha kwanza kujulikana duniani kilikuwa cha mmea. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichuja maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa kwa kichujio cha kauri ambacho bakteria haipiti. Maji yaliyochujwa yakaambukiza tumbaku iliyokuwa salama. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck akapata matokeo hayohayo, naye akakiita kitu hicho kirusi. Elimu yote ya leo kuhusu Ebola na UKIMWI ilianzia kwenye jani la tumbaku.

2. Magonjwa gani ni ya virusi, na yapi si ya virusi?

Kwa watu, surua, polio, mpox, Ebola, UKIMWI, homa ya ini B, kichaa cha mbwa, mafua na Korona ni virusi. Kipindupindu, homa ya matumbo na kifua kikuu ni bakteria. Malaria ni vimelea vinavyoletwa na mbu. Bwaki haiambukizi hata kidogo, ni njaa ya protini na vyakula vya kujenga mwili, ingawa inakutana na virusi kwa njia mbaya sana (swali la 12).

Kwa mimea, batobato ya muhogo, michirizi ya kahawia na ugonjwa wa migomba kusimama kama ufagio ni virusi. Mnyauko wa migomba ni bakteria. Kuoza kwa viazi ulaya wakati wa mvua nyingi, majani yakiwa meusi kama yameunguzwa, ni kiumbe kinachofanana na kuvu.

Kwa nini tunasumbuka na tofauti hizi? Kwa sababu kila adui ana njia yake ya kuingia, na ukiziba njia isiyo yake umepoteza nguvu na pesa. Homa ni homa tu kwa kuiangalia, na jani la njano ni jani la njano tu. Kabla ya kununua dawa yoyote, ya mtoto au ya shamba, uliza kwanza: huyu ni nani, na anapitia wapi?

3. Mtoto ana mafua na kikohozi. Kwa nini muuguzi amekataa kunipa amoksisilini?

Amoksisilini inaua bakteria kwa kubomoa ukuta wao. Kirusi hakina ukuta huo, kwa hiyo dawa haina pa kushika. Ukimpa mtoto bila sababu unampa kuharisha bure, na bakteria wanaoishi mwilini mwake wanazoea dawa, ili siku atakapopata nimonia ya kweli isimsaidie. Tunajua mama wengi hununua vidonge vinne au vitano kwenye duka la karibu. Tunaomba mwache.

Kuna wakati muuguzi atatoa antibiotiki kwa mgonjwa wa kirusi, kwa mfano mtoto wa surua ambaye bakteria wameingia masikioni au mapafuni. Hapo anatibu wale wageni waliofuata baadaye. Dalili za kukukimbiza kituoni hata kama ni mafua tu: mtoto anapumua haraka, kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi, hanyonyi, au ana degedege.

4. Nikila muhogo au ndizi yenye kirusi nitaugua?

Hapana. Hili ni moja ya maswali yanayorudi kila wiki, hasa kwa sombe (mboga ya majani ya muhogo) iliyochumwa kwenye mihogo ya batobato. Kirusi cha mmea hakina ufunguo wa kuingia kwenye seli za mtu. Kipo kirusi cha pilipili ambacho watu wengi duniani hukila na kukitoa chooni kila siku bila kuugua. Na kinyume chake ni vilevile: virusi vya Ebola au surua haviwezi kuishi ndani ya mgomba.

Muhogo unaoweza kukuumiza ni ule mchungu usiolowekwa na kuanikwa vizuri. Hiyo ni sumu ya muhogo wenyewe, na ndiyo inayoleta konzo, ugonjwa wa miguu kukakamaa. Wapo wanaodhani konzo ni polio au uchawi. Loweka siku za kutosha, usiharakishe kwa sababu mnunuzi anasubiri.

## Shambani

5. Migomba yangu imekuwa mifupi, majani yamesimama wima kama ufagio, na haizai. Imerogwa?

Haijarogwa. Huo ni ugonjwa wa kirusi ambao waagronomu wa huku wanauita banchitopu, na umekuwepo Kongo tangu miaka ya 1950. Umeharibu migomba mingi katika bonde la Ruzizi na vilima vyake.

Kuutambua hakuhitaji maabara. Huko Nyangezi mama mmoja alinipeleka kwenye mgomba wake ulionifika kiunoni, ingawa ulikuwa na umri wa kuzaa. Tulikata jani moja changa tukaligeuza, tukalishika kuelekea jua. Pembeni ya mshipa mkuu kulikuwa na vistari vifupi vya kijani kilichokolea sana, vingine nukta tu, vingine virefu kidogo, vikijikunja kama ndoana vinapokaribia mshipa. Ilikuwa kama mtu amechora kwa kalamu. Mama akalowesha kidole kwa mate na kusugua akidhani ni uchafu. Havikutoka. Nikamwambia ndiyo hivyo, akakaa chini palepale kwenye nyasi. Migomba ile ndiyo ilikuwa ikimpa kasiksi, pombe ya ndizi, ya kuuza, na kasiksi ndiyo ilikuwa ikilipa shule.

Kirusi hiki huletwa na vidukari vidogo vya kahawia vinavyojificha kwenye maganda ya shina karibu na udongo na ndani ya jani ambalo bado limejisokota. Mara nyingi utaona sisimizi wakizunguka hapo, kwa maana wanakunywa utamu wa vidukari. Lakini kinachosafirisha ugonjwa kutoka kijiji hadi kijiji ni sisi wenyewe, tunapobeba chipukizi, rejeta kama tunavyosema, kutoka shamba la ndugu. Chipukizi linaweza kuwa na kirusi wiki nyingi bila kuonyesha dalili. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda mstari mzima wa rejeta nzuri, za kijani, nilizopewa kwa moyo mweupe. Baada ya miezi michache yote ilikuwa ufagio.

Mgomba uliopata kirusi hiki hauponi tena. Hakuna dawa, hakuna mbolea, hakuna majivu. Cha kufanya kimo kwenye swali la 6.

6. Je, hiyo siyo kirabiranya? Na nikate mgomba mmoja mgonjwa au shina lote, mama na watoto wake?

Hili ndilo swali ambalo jibu baya linapoteza shamba, kwa hiyo tulikae nalo kidogo.

Mnyauko, au kirabiranya kama wanavyosema majirani zetu wa Rwanda, ni bakteria. Uliripotiwa Masisi mwaka 2001 ukasambaa Kivu nzima. Majani yanakuwa njano na kuvunjika, ndizi zinaiva kabla ya wakati na bila mpango, ukizipasua ndani ni kahawia. Kata shina, subiri dakika chache, utaona usaha wa njano ukitoka kwenye kidonda. Mgomba wa banchitopu hautoi usaha na haunyauki. Umesimama, umedumaa, una vile vistari vya kijani.

Kirabiranya inapita kwenye panga. Umekata mgomba mgonjwa, ukaenda kukata majani ya mzima, umekwisha kuuambukiza. Inapita pia kwa wadudu wanaotembelea ua la kiume, lile la zambarau linaloning'inia. Kwa hiyo vunja ua hilo kwa kijiti chenye panda mara tu mkono wa mwisho wa ndizi unapotokea, na panga lipitishe kwenye moto au dawa ya klorini kila unapohama shina. Ukiona mgomba mmoja una ugonjwa, ukate huo peke yake chini kabisa, rudi kila wiki, kata mwingine ukitokea. Migomba iliyobaki kwenye shina hilo mara nyingi hupona, kwa sababu bakteria hawafiki kote.

Banchitopu haipiti kwenye panga, lakini kirusi chake hushuka kwenye kisiki na kupanda tena katika kila chipukizi. Ukikata mmoja na kuacha wengine, umebakiza shule ya vidukari. Hapa lazima shina lote ling'olewe: mama, watoto na kisiki. Kwanza nyunyizia dawa ya wadudu au maji ya sabuni kwenye majani machanga na maganda ya chini, ili vidukari vife kabla havijahamia kwa jirani. Kisha chimba, katakata kisiki vipande vidogo, viache vikauke juani. Pita tena baada ya wiki mbili tatu kwa maana kisiki cha mgomba ni kikaidi, kitachipua. Panda maharage au mboga hapo kwa miezi kadhaa kabla ya kurudisha migomba.

7. Majani ya mihogo yamejikunja na yana mabaka ya njano. Nifanye nini?

Ni batobato. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, Usambara, upande wa Tanzania ya leo, na hakuna mkulima wa muhogo Afrika asiyeujua. Unabebwa na inzi weupe wadogo ambao hupeperuka kama unga ukitikisa majani, na unabebwa zaidi na vijiti tunavyopanda.

Unaweza kujua umetoka wapi. Kama hata majani ya kwanza, ya chini kabisa, yana mabaka, kijiti ulichopanda kilikuja na ugonjwa. Kama ya chini ni safi na ya juu tu ndiyo yamejikunja, inzi ndiye ameuleta baadaye. Ukiona mimea michache mwezi wa kwanza au wa pili, ing'oe uzibe pengo. Kama ni shamba lote, liache likomae uvune utakachopata, lakini kijiti hata kimoja kisitoke hapo kwenda kupandwa.

8. Majani yalikuwa mazuri, lakini nilipovuna mizizi imeoza ndani. Nimeibiwa na nini?

Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na unauma zaidi ya batobato kwa sababu unakuficha mpaka siku ya kuvuna. Siku moja Kadutu muuza mihogo alipasua mzizi mbele ya mteja: nje ulikuwa mnene na safi, ndani mabaka ya kahawia, magumu na makavu kama kizibo cha chupa. Akapasua wa pili, wa tatu. Mteja akaondoka bila neno, naye akabaki na kilo zile zote.

Dalili zipo kabla ya kuvuna, ila ziko mahali ambapo hatutazami. Majani ya chini, yaliyokomaa, huwa na unjano kando ya mishipa midogo, na shina la kijani huwa na michirizi ya kahawia. Vidukari hawahusiki hapa, ni inzi weupe walewale wa swali la 7, na vijiti. Kama una wasiwasi, ng'oa mmea mmoja katika mwezi wa saba au wa nane na upasue mizizi yake yote. Ukikuta doa, vuna mapema kwa sababu kuoza kunaongezeka kadiri muhogo unavyokaa ardhini.

9. Kuna mtu anauza dawa ya kupuliza inayoponya batobato. Ninunue?

Usinunue. Hakuna dawa ya kupuliza inayotoa kirusi ndani ya mmea. Alichonacho kwenye chupa, kama si maji ya rangi, ni dawa ya wadudu. Inaweza kuua inzi weupe wa siku hiyo, lakini kesho wengine watatoka shamba la jirani, na mmea uliougua utabaki mgonjwa. Isitoshe dawa nyingi za wadudu hupuliziwa na watu wasio na glovu wala kinga ya mdomo, sombe ikachumwa siku mbili baadaye. Huo ni ugonjwa mwingine.

10. Na mahindi? Maharage?

Mahindi yanayokauka kuanzia kingo za majani kuelekea katikati, na mgunzi ukabaki na punje chache zilizosinyaa, huenda yana ugonjwa wa kufa kwa mahindi. Huo unatokana na virusi viwili vinavyokutana kwenye mmea mmoja. Kimoja peke yake huwa hakiuui. Ulilipuka Kenya, Bomet, mwaka 2011, kisha ukafika Kivu. Vunja mzunguko: msimu mmoja usipande mahindi, panda maharage au viazi.

Maharage yenye majani ya mabaka na mikunjo mara nyingi yamerithi kirusi ndani ya mbegu. Usichague mbegu gunia likiwa limejaa nyumbani. Chagua mmea ungali shambani, ufunge kamba kwenye mizuri.

11. Basi mbegu safi nipate wapi?

Kituo cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, huko Mulungu na watafiti wa Kalambo, Kabare, ndiko pa kuuliza aina za muhogo zinazovumilia batobato na migomba iliyozalishwa kwa miche ya maabara. Miche hiyo huanza kutoka kwenye kipande kidogo sana cha mgomba mzima kilichopimwa, kwa hiyo haibebi vidukari wala kirusi.

Kama huwezi kufika huko, chagua mwenyewe. Tembea shamba unalotaka kuchukua vijiti angalau mara mbili, mimea ikiwa na majani, siku ambayo hujaja na panga. Usikubali mzigo wa vijiti vilivyokwisha kukatwa na kufungwa. Kijiti kisicho na jani hakiwezi kukwambia kitu.

## Nyumbani na mwilini

12. Kwa nini surua inaua watoto wengine na wengine wanapona?

Surua ni kati ya virusi vinavyoambukiza haraka kuliko vyote. Mgonjwa akikohoa chumbani na kuondoka, hewa ya chumba hicho inaweza kuambukiza kwa muda wa saa mbili. Anaambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea, yaani wakati kila mtu anadhani ni mafua. Katika nyumba za Kadutu na Panzi zilizobanana, mtoto asiyechanjwa hana pa kujificha.

Kinachoamua nani atakufa ni hali ya mwili kabla ya kirusi kufika. Mtoto mwenye bwaki, au aliyekosa vitamini A, anapata surua kali: macho yanaharibika, nimonia, kuharisha kusikoisha. Hapa ndipo dada yangu nami tunapokutana. Mgomba wa swali la 5 na muhogo wa swali la 8 vinapopotea, mama anauza mayai na maharage ili anunue unga, na mtoto anabaki na bugali peke yake. Miezi michache baadaye surua inapita. Kwenye fishi, karatasi ya hospitali, litaandikwa surua, lakini kifo hicho kilianzia shambani. Na kuna jambo jingine: surua hufuta kinga ambayo mwili ulikwisha kujifunza dhidi ya magonjwa mengine, kwa hiyo mtoto aliyepona hubaki dhaifu kwa miezi mingi, hata zaidi.

Mwaka 2019, wakati dunia nzima inatazama Ebola ya Beni na Butembo, Kongo ilihesabu zaidi ya wagonjwa 310,000 wa surua na vifo zaidi ya 6,000, karibu vyote vya watoto. Ebola ile yote, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, iliua watu 2,287.

Chanjo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na dozi ya pili katika mwaka wa pili. Akipitwa, mlete hata akiwa mkubwa. Akiugua, mlete apate vitamini A siku mbili mfululizo, aendelee kunyonya na kula. Kumnyima chakula na maji kwa sababu ana vipele ni kumuua.

13. Mtoto ana vipele. Ni tetekuwanga, surua au mpox?

Surua huwa na vipele vidogo, vyekundu, visivyo na maji, pamoja na macho mekundu na kikohozi. Tetekuwanga hutoa malengelenge ya umri tofauti: kimoja kinaanza, kingine kina maji, kingine kimekauka, vyote mahali pamoja. Mpox hutoa vipele vigumu, vyenye mzizi, ambavyo kwa kawaida hukua pamoja, na mara nyingi hufika viganjani na nyayoni. Tezi za shingoni au kinenani huvimba. Lakini macho hudanganya, hata ya muuguzi. Kipimo cha kigaga ndicho kinachokata shauri.

Mpox si mgeni Kongo. Mtu wa kwanza kujulikana kuwa nayo duniani alikuwa mtoto wa Basankusu, Equateur, mwaka 1970. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 2023, Kamituga, mji wetu wa dhahabu, ilianza kuonekana aina mpya inayopita vizuri kati ya mtu na mtu, mwanzoni hasa kwa njia ya ngono, baadaye ndani ya familia, mama na watoto kitanda kimoja. Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura, na Oktoba 5 mwaka huo chanjo ikaanza kutolewa Goma.

Inaambukizwa kwa ngozi kugusana, kwa shuka na nguo, mpaka vigaga vyote vianguke na ngozi mpya itokee. Mgonjwa alale peke yake ikiwezekana, vipele vifunikwe, nguo zake zifuliwe na mtu mmoja tu mwenye glovu. Mjamzito apelekwe haraka kwa sababu mpox inaweza kuharibu mimba. Ukitazama wazee wa nyumbani kwako utaona kovu la mviringo mkononi, karibu na bega. Ni chanjo ya ndui, ambayo pia hukinga mpox kwa kiasi. Ilisimamishwa baada ya ndui kutokomezwa, mwaka 1980, na ndiyo maana vijana hawana kinga hiyo.

14. Ebola inaweza kurudi?

Inaweza. Mwaka 2019 ilifika Goma mwezi wa Julai na Mwenga, hapa kwetu Kivu ya Kusini, mwezi wa Agosti, na ikazimwa kote kuwili kwa sababu watu waliomgusa mgonjwa walitafutwa mmoja mmoja na kuchanjwa.

Tofauti na zamani, sasa kuna matibabu. Moja limetengenezwa kutokana na kinga iliyokuwa kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye alifika Yambuku, mahali Ebola ilipojulikana kwa mara ya kwanza, mwaka 1976, alikuwa kati ya walioiongoza kazi hiyo. Anayefika mapema ana nafasi kubwa ya kupona. Anayefichwa nyumbani mpaka damu itoke ana ndogo, na anawaacha waliomuosha hatarini. Mwanaume aliyepona aendelee kutumia kondomu mpaka manii yake yapimwe, maana kirusi kinaweza kubaki humo kwa miezi mingi.

15. Mbwa amemuuma mtoto. Nifanye nini sasa hivi?

Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili. Tazama saa. Usifunge, usipake pilipili, jiwe jeusi, petroli wala majani. Kisha nenda hospitali leo hii, usisubiri kesho, uombe chanjo ya kichaa cha mbwa. Ni dozi kadhaa. Usiache hata moja. Kama kidonda ni kirefu au kiko kichwani, shingoni au mkononi, uliza pia sindano ya kinga ya moja kwa moja.

Mbwa kama anajulikana, afungwe na kutazamwa siku 10. Usingoje matokeo ya mbwa ndipo uanze chanjo ya mtoto. Dalili kwa mtu zinaweza kuchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na zikishaanza, kuogopa maji, kuweweseka, hakuna munganga anayeweza kumrudisha. Mkwaruzo mdogo nao unahesabika.

16. Nina VVU na nina mimba. Mtoto atazaliwa nayo?

Ukimeza dawa kila siku tangu mapema, karibu hakika hapana. Bila dawa, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa, 15 hadi 45 huambukizwa. Kwa dawa, idadi hushuka chini ya 5. Nyonyesha huku ukiendelea na dawa, na mtoto apewe dawa yake ya kinga. Na kirusi kikiwa hakionekani tena kwenye kipimo cha damu, huwezi kumwambukiza mwenzi wako kwa ngono. Haya si maneno ya kukutuliza, yamethibitishwa.

17. Homa ya manjano na homa ya ini ni kitu kimoja?

Hapana. Yote mawili yanaweza kufanya macho yawe ya njano. Homa ya manjano huletwa na mbu, na chanjo yake mtoto hupewa akiwa na miezi 9, pamoja na ya surua. Homa ya ini B hupita kwenye damu, ngono na kuzaliwa, na hukaa kimya miaka mingi ikila ini. Usitumie wembe mmoja na mtu mwingine, hata kaka yako.

## Maswali ya pembeni

18. Kwa nini mtu anachanjwa na mgomba hauchanjwi?

Chanjo inaufundisha mwili kumkumbuka adui, na mwili wa mtu una chembe za damu zinazotunza kumbukumbu hiyo. Mgomba hauna damu. Una ulinzi wake: unaweza kukatakata maagizo ya kirusi ndani ya seli, lakini virusi vingi vimejifunza kuuzima ulinzi huo. Kwa hiyo kwenye mimea tunatafuta aina zilizozaliwa na uvumilivu. Watafiti wa Amani, Tanganyika, walianza hivyo wakati wa ukoloni kwa kuzalisha muhogo na mti wa jamaa yake wa porini, na mihogo mingi inayovumilia batobato leo ni wajukuu wa kazi hiyo.

19. Mume wangu, au jirani, anakataa kung'oa migomba migonjwa. Nifanyeje?

Usimwite mjinga. Mgomba mdumavu bado unampa majani ya kufunikia na kivuli, na ni urithi wa baba yake. Mpeleke aone shamba lililong'olewa na kupandwa upya. Anza na mashina matatu tu yaliyo upande wa upepo na mpaka wenu. Tumeona mara nyingi kwamba mzee aliyegoma mbele ya mwagronomu hukubali akiombwa na mkwe wake, jioni, bila watu.

20. Ninavuka Ruzizi kila siku kufanya biashara. Naweza kubeba rejeta au vijiti vya muhogo kutoka Rwanda, au kuvipeleka?

Ndizi zilizokomaa na mizizi ya muhogo ya kula haziogopeshi sana. Rejeta na vijiti ndivyo hatari, kwa sababu vinapandwa, na kirusi kinaendelea kuishi ndani yake. Huduma za karantini za pande zote mbili hudai karatasi kwa mimea ya kupanda, na zina haki. Kama shangazi wa ng'ambo amekuahidi aina nzuri ya mgomba, mwombe akupeleke kwanza uone shina lenyewe, ugeuze jani changa kuelekea jua kama ilivyoelezwa kwenye swali la 5, kisha uulize huduma ya kilimo kama aina hiyo inapatikana kwa miche safi upande wako. Na ukikuta rejeta zimefungwa kwa kamba kwenye boti ya kwenda Idjwi au Goma, mwenye mzigo akikwambia zimetoka shamba lisilo na ugonjwa, mwombe akuonyeshe majani. Akisema ameyakata ili mzigo uwe mwepesi, usinunue.